Khabari Haina Faida Mpaka Imfikie Mwenye Haja Nayo



Tuanze kwa mfano. Tuifikirie nyumba moja katika wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, katikati ya mwezi wa Januari 2025. Si nyumba ya mtu maalumu, bali ni mfano wa nyumba nyingi. Mama mwenye nyumba amefariki alfajiri baada ya homa kali ya siku chache. Majirani wamekwisha kusikia. Wanawake wanaojua kuosha maiti wamewasili na ndoo zao, na sanda imekwisha kuagizwa dukani. Uani amesimama kijana wa nyumba, simu mkononi.

Katika simu ile, juzi aliona tangazo kuwa Shirika la Afya Duniani linashuku kuwa maradhi ya Marburg yameingia wilayani mwao. Jana akaona tangazo jingine, kuwa vipimo havikuyaonyesha maradhi hayo. Na asubuhi hii kundi la ukoo limeletewa picha ya maiti zilizofungwa ndani ya mifuko, picha isiyo na tarehe wala mahali, na chini yake mmeandikwa kuwa kila aionaye aipeleke kwa wengine. Watu wote wanamtazama kijana huyu, kwa kuwa ndiye asomaye. Wala hawamwulizi Marburg ni nini. Wanamwuliza neno moja tu: "Je, tumwoshe?"

Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Maana jawabu lake lilikuwa likijulikana duniani kwa zaidi ya miaka 50. Tangu mwaka 1967, maradhi haya yalipozuka katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade huko Yugoslavia, kwa sababu ya tumbili waliotoka Uganda, waganga wamejifunza kuwa huambukiza kwa damu na maji ya mwili wa mgonjwa, na kuwa maiti yake ina khatari kubwa. Elimu ilikuwapo. Vyombo vya kuipeleka vilikuwapo, tena vingi kuliko zama zozote zilizopita. Basi ni kitu gani kilichokosekana baina ya elimu ile na ua wa nyumba ile?

YALIYOTOKEA BIHARAMULO

Kwanza tuyataje mambo yalivyokuwa, kwa tarehe zake. Tarehe 14 Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa katika wilaya za Biharamulo na Muleba kulikuwa na watu 9 walioshukiwa kuwa na Marburg, na kwamba 8 kati yao wamekwisha kufa. Mara baada ya hapo Wizara ya Afya ya Tanzania ikaeleza kuwa sampuli za walioshukiwa zimepimwa na hazikuonyesha virusi hivyo. Kisha tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika hilo, akathibitisha kuwa mgonjwa mmoja amepatikana na Marburg. Maradhi yalitangazwa kuwa yamekwisha tarehe 13 Machi 2025. Waliohesabiwa kwa jumla walikuwa 10, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na 8 wakikisiwa kwa dalili zao na kwa watu waliokaribiana nao. Wote 10 walifariki. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa.

Hatuyataji haya ili tumlaumu mtu. Mwenye kupima husema alichokiona katika kipimo, na mwenye kushuku husema alichosikia kwa mashahidi. Kila mmoja aweza kuwa mkweli kwa siku yake na kwa kiasi cha ujuzi wake. Lakini mtazame kijana wetu. Matangazo yale mawili yamemfikia katika simu moja, yamelala bega kwa bega, nayo yapingana. Hana awezalo kulijua lipi limetangulia na lipi limefuata, wala wangapi walipimwa, wala kama kuna wengine wanaosubiri majibu. Katikati ya hayo mawili ndipo picha isiyo na mwenyewe inapojipenyeza na kukaa kitako.

Basi tusiseme kuwa watu wa Biharamulo hawakuwa na khabari. Walikuwa nazo tele. Kilichokosekana ni mpango wa khabari wenye kumhurumia mwenye kuitaka.

ELIMU YA KHABARI NI ELIMU GANI?

Wengi wakilisikia jina hili hudhani kuwa ni elimu ya kompyuta. Sivyo. Kompyuta ni chombo tu, kama kalamu na karatasi. Elimu ya khabari imekulia maktabani, na maswali yake ni ya kibinadamu: mtu anapokwama humwendea nani? Humwamini nani, na kwa nini? Huacha lini kutafuta? Na khabari ipangwe vipi ipate kumfikia bila ya kumchosha?

Mwaka 1931, Bwana S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras huko India, alitoa kanuni tano za maktaba ambazo wakutubi wa dunia nzima huzisoma hata leo. Moja katika hizo inamtaka mkutubi auchunge wakati wa msomaji. Kanuni hii yaonekana nyepesi, lakini ipime kwa mizani ya ua ule wenye msiba. Kijana aliyetakiwa kufungua kurasa tano, na kujaza jina na namba yake, ndipo aone neno alitakalo, amepotezewa wakati ambao maji ya kuoshea maiti yanaendelea kutiwa ndooni.

Mwaka 1959, Mmarekani Calvin Mooers aliwaambia wenzake jambo lililo zito zaidi. Alisema, kwa maana yake, kuwa watu watakiacha chombo cha khabari ikiwa kuwa na khabari kunawaletea taabu kuliko kutokuwa nayo. Wengi hudhani alikusudia taabu ya kuitafuta tu. La, alikusudia pia mzigo wa kuijua. Fikiri: nyumba ikijua kuwa mama amekufa kwa Marburg, waliomgusa watafuatiliwa kwa siku 21, majirani watawakimbia, na biashara yao sokoni itasimama. Kutojua ni kwepesi kuliko kujua. Basi mwenye kutengeneza tangazo akadhani kuwa kazi yake imekwisha alipoandika "toeni taarifa", hajaifahamu kazi yake. Ampe mtu, pamoja na khabari, kitu kitakachompunguzia uzito wake: nani atawaletea chakula, watoto watakaa kwa nani, na maziko yatakuwaje.

Naye Bibi Brenda Dervin, mwanachuoni wa Marekani, alifundisha kwa miaka mingi kuwa mwenye haja ya khabari ni mfano wa msafiri aliyekatikiwa na njia. Mbele yake kuna korongo, na hawezi kuendelea. Khabari ni daraja la kumvusha pale alipo kwenda pale anapotaka kufika. Watu wa Ngara watalielewa neno hili upesi, kwa kuwa wanalo daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Daraja halijengwi pale ambapo mjenzi anaona pazuri. Hujengwa pale wapitapo watu. Vivyo hivyo swali la nyumba yetu lilikuwa "Je, tumwoshe?" Na anayewajibu kwa ukurasa mzima wa asili ya virusi na maisha ya popo amejenga daraja zuri mahali pasipopita mtu.

MAFUNZO YA NGARA

Kwa kuwa tumelitaja daraja la Rusumo, na tuvuke twende Ngara, jirani ya Biharamulo, maana huko yako mafunzo yaliyopatikana kwa bei kubwa.

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja na usiku wake, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja lile kutoka Rwanda, wakakaa mahali paitwapo Benaco. Walikuja kutoka nchi ambayo tangu mwaka 1993 ilikuwa ikisikiliza redio ya RTLM, redio iliyochochea watu wauane. Miaka 9 baadaye, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakuu wawili wa redio hiyo, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, kwa jinai ya mauaji ya kimbari. Hapa pana onyo kwetu. Redio ile haikuwa na upungufu wa ufundi. Ilisikika mbali, ilizungumza lugha ya watu, na ilipiga muziki walioupenda vijana. Ufundi peke yake si wema. Njia iliyo nyofu hupitisha dawa, na hupitisha sumu pia.

Mwaka uliofuata, 1995, ilianzishwa Ngara redio nyingine, iitwayo Radio Kwizera, na jina lake kwa Kirundi na Kinyarwanda ni matumaini. Waliyoianzisha ni shirika la Kikatoliki la kuhudumia wakimbizi, na wema husifiwa popote uonekanapo. Walielewa kuwa watu walioharibiwa kwa redio hawaponywi kwa kunyamaziwa, bali hupewa sauti nyingine ya kuaminika, kwa lugha wanazozielewa, kutoka mahali wanapopaona kwa macho.

Na katika miaka ya 1997 na 1998, Bwana Simon Turner, mtafiti kutoka Denmark, alikaa katika kambi ya Lukole, huko huko Ngara, pamoja na wakimbizi wa Burundi. Kati ya mambo aliyoyachunguza ni uvumi. Kambi ilikuwa imejaa uvumi juu ya mataifa makubwa na mipango yao ya siri. Mtu wa haraka angesema: hawa ni wajinga, wafundishwe. Lakini mtafiti huyu aliketi akasikiliza, akaona jambo jingine. Wale watu maisha yao yalikuwa yakiamuliwa na wakubwa walio mbali, wasioonekana, ambao hawakuwaeleza sababu za maamuzi yao. Uvumi ulikuwa ni juhudi yao ya kuyaelewa maisha yasiyoeleweka. Pale ambapo mwenye amri hakueleza, watu walijieleza wenyewe.

Neno hili yafaa liandikwe mlangoni pa kila ofisi inayotengeneza mtandao wa kuwapasha watu khabari. Uvumi hauondoki kwa kuukemea. Huondoka mahali pake panapojazwa. Na mahali pake hapajazwi kwa ukweli tu, bali kwa ukweli uliotangulia kufika, uliotoka kwa anayejulikana, na wenye kusema wazi: hili tunalijua, na hili bado hatujalijua.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat inatutaka tuchunguze tuletewapo khabari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na wanavyuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno, bali waliuliza pia maneno yamepokewa kwa nani, naye kwa nani, mpaka mwisho wa mlolongo. Leo kijana anayepokea picha katika simu na kuituma bila ya kuuliza imetoka wapi ameiacha desturi ambayo wazee wake waliichunga kwa miaka zaidi ya elfu.

MUHOGO NA SIMU

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya misiba, ambayo huja mara moja moja. Je, katika siku za kawaida elimu hii ina kazi gani? Basi tuingie shambani.

Mkulima wa Kanda ya Ziwa analima muhogo, na muhogo una maadui wawili wakubwa: batobato, ambalo hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano, na michirizi ya kahawia, ambayo huozesha mzizi chini kwa chini huku shina likionekana zima. Katika kanda hii, kabla ya simu janja kuenea, watafiti wa taasisi ya IITA na wenzao wa Ukiriguru waliwafundisha wakulima kuzitambua dalili hizi na kuwaletea ujumbe mfupi kwa simu zao za kawaida. Yaangalie waliyoyachagua. Hawakumtaka mkulima anunue chombo kipya. Walichukua kilichomo mfukoni mwake, wakamwongezea elimu ya macho.

Baadaye ikaja programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani pamoja na IITA. Mkulima huielekeza kamera ya simu kwenye jani, nayo humwambia ni ugonjwa gani. Watengenezaji wake walijua kuwa shambani mtandao haupatikani kila mahali, kwa hiyo waliifanya ifanye kazi ndani ya simu yenyewe bila ya intaneti. Hiyo ni heshima kwa mtumiaji.

Lakini lililo bora zaidi ni kuwa waliijaribu kwa uadilifu na wakayatangaza matokeo. Mashine ilikuwa imefundishwa kwa picha zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walipoipeleka katika hali halisi ya shamba, kipimo chake cha usahihi kilishuka kwa asilimia 32, hata kwa majani yenye dalili zilizo dhahiri. Hawakuficha. Walichunguza zaidi, na katika majaribio yaliyofuata ikaonekana kuwa mashine hupata zaidi inapoonyeshwa majani 6 ya mmea mmoja kuliko inapoonyeshwa jani moja. Laiti wangeamini majaribio ya kwanza tu, mkulima wa Ngara angeambiwa kwa sauti ya yakini jambo lisilo kweli, naye angepanda vijiti vibovu na kungoja njaa.

Hayo ni ya chombo. Na mkulima mwenyewe je? Bibi Edda Tandi Lwoga na wenzake walichunguza wakulima wadogo katika wilaya sita za Tanzania, na mojawapo ni Karagwe, iliyo katika mkoa huu huu wa Kagera. Katika maandishi yao yaliyotoka mwaka 2010 na baada yake, walionyesha kuwa mkulima akiwa na swali huwaendea kwanza watu: jirani, rafiki, ndugu, na bwana shamba. Redio nayo ina nafasi yake. Karatasi zilizochapwa na mitandao vilikuwa nyuma kabisa. Maana yake ni hii: chombo cha dijitali kinachojaribu kumruka jirani kitashindwa, na kile kinachompa jirani jambo la kweli la kusema kitafaulu.

WATU HUPASHANA KHABARI WAPI?

Mwaka 1999, mtafiti mmoja wa Kanada, Bibi Karen Pettigrew, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Fisher, aliandika juu ya wazee waliokuja kutibiwa miguu katika kliniki. Walikuja kwa ajili ya miguu, lakini huku wakitibiwa wakapata khabari za madaktari, za nyumba, za misaada na za jamaa. Akapapa mahali kama hapo jina la uwanja wa khabari: pale ambapo watu wamekutana kwa sababu nyingine, na khabari zikapita baina yao bila ya kutafutwa.

Nani katika sisi asiyezijua nyanja hizo? Ni kisimani, ni mnadani, ni mlangoni pa zahanati wanapongoja kina mama wenye watoto, ni barazani pa msikiti baada ya sala ya alasiri. Mtengenezaji wa mtandao anayekaa mjini huziona kuwa ni mambo ya kale yatakayoondolewa na simu. Mtafiti huziona kuwa ndiyo njia yenyewe, na simu ni kijito kinachoingia humo.

Miaka ya baadaye, Bibi Fisher alikwenda kambi ya Za'atari huko Jordan, waliko wakimbizi wa Syria. Huko aliwakalisha vijana wabuni na wachore wenyewe vyombo ambavyo vingewasaidia kuwasaidia wengine, maana aliona kuwa kijana ndiye awasomeaye wazazi, awajazia fomu, na awapigia simu ofisini. Je, huyu si yule kijana wetu wa Biharamulo? Nyumba nzima hutazama simu kwa macho yake. Basi tangazo lolote liandikwe likijua kuwa anayelisoma anamsomea mwingine kwa sauti, huenda mbele ya watu wanaolia.

KWA VIJANA WETU WENYE UFUNDI

Tunajua kuwa wako vijana wa Kiislamu, wa kiume na wa kike, wanaosoma ufundi wa kompyuta na wanaotaka kuwatumikia watu wao. Kwao tunatoa nasaha tano, zilizotokana na hayo tuliyoyaeleza.

Kwanza, anza kwa swali, usianze kwa chombo. Kabla ya kuandika programu, kaa wiki nzima mnadani na mlangoni pa zahanati, uyaandike maswali ya watu kama wayasemavyo, iwe kwa Kiswahili, kwa Kihangaza, kwa Kishubi, kwa Kihaya au kwa Kisukuma. Swali lililotafsiriwa ofisini si swali tena.

Pili, punguza taabu. Khabari ya uhai na mauti ipatikane kwa simu ya vitufe, bila ya bando, bila ya kujisajili, na kwa sauti kwa asiyejua kusoma.

Tatu, kila khabari ichukue nasaba yake: nani ameisema, tarehe gani, ya mahali gani, na kwa kiasi gani cha yakini. Na khabari mpya ikija, ile ya zamani iandikwe wazi kuwa imepitwa, isiachwe kulala ubavuni mwa mpya.

Nne, pamoja na khabari, mtaje mtu. Mashine isiwe mwisho wa njia. Wizara ya Afya ina namba 199 isiyotozwa pesa. Lakini itajwe pia zahanati iliyo karibu na mhudumu wa afya wa kijiji anayejulikana kwa sura.

Tano, jaribu chombo chako kwa aliye dhaifu kabla ya aliye hodari: bibi kizee, mkulima wa mpakani, mama mwenye simu ya kuazima. Kisha rudi tena baada ya miezi sita, uulize kimewafaa wapi na kimewadhuru wapi, wala usione haya kukibadili.

Na kwa wazazi tuna neno moja. Kundi la ukoo katika simu ni baraza. Kama vile barazani kuna mzee anayesema "subirini kwanza", yafaa na katika simu awepo mmoja mliyekubaliana naye kuwa khabari ya maradhi na ya vita haipelekwi mbele mpaka yeye ameiuliza. Na picha za maiti zisipelekwe kabisa. Maiti ana heshima yake.

TURUDI UANI

Sasa turudi Biharamulo, kwenye ua ule, kwa kuwa hatujamjibu kijana.

Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua watu Afrika ya Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilikisia kuwa maambukizo yasiyopungua asilimia 20 yalikuwa yakitokea mazikoni. Mwanzoni watu walifichana maiti wao, kwa kuwa waliona wageni waliovaa mavazi ya ajabu wakiwachukua jamaa zao bila ya sala. Ndipo wataalamu wakakaa pamoja na wachunguzi wa mila na mashirika ya Kiislamu na ya Kikristo, na mwezi wa Novemba 2014 ukatolewa utaratibu mpya wa maziko ya salama na ya heshima. Kwa maiti wa Kiislamu, utaratibu huo uliweka nafasi ya tayamamu badala ya maji, na ya sanda, na ya sala kwa umbali. Wanavyuoni wetu tangu zamani wametaja kuwa asiyewezekana kuoshwa hutayamamiwa, basi jambo hilo halikuwa jipya kwa mwenye elimu. Jipya lilikuwa kwamba mwenye elimu ya maradhi na mwenye elimu ya dini wamewauliza watu kwanza, kisha ndipo wakaandika.

Kwa mafunzo hayo yote, hivi ndivyo tunavyodhani ujumbe wa kijana wetu ungekuwa, maneno machache tu, yasomekayo kwa sauti moja:

"Ikiwa marehemu alikuwa na homa kali, akatapika au akaharisha, au akatokwa na damu, msimwoshe wala msimguse. Pigeni 199 sasa, hamtatozwa. Watakaokuja watamhifadhi kwa heshima, tayamamu na sala ya jeneza vitakuwapo, na imamu wenu ataitwa. Kama si Marburg mtaambiwa. Tangazo hili ni la leo, tarehe kadha, limetolewa na mganga mkuu wa wilaya."

Liangalie tangazo hilo. Hakuna ndani yake elimu isiyojulikana miaka 50 iliyopita. Hakuna ufundi mgumu, maana laweza kupita katika simu ya bei ndogo kuliko zote. Lakini ndani yake mna swali la wenye msiba, mna wakati wao uliochungwa, mna mzigo wao uliopunguzwa, mna nasaba ya khabari, na mna mtu wa kumwendea. Hayo hayatoki katika kompyuta. Hutoka kwa aliyekwenda kuketi na watu, akawasikiliza, ndipo akarudi mezani kwake.

Kijana aliyeshika simu uani amebeba amana ya watu wote waliomzunguka. Yatupasa sote, wenye ufundi na wenye elimu, wazee na viongozi, tumwekee ndani ya simu ile jambo atakaloweza kulisoma mbele ya mamake bila ya kutetemeka sauti.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalinde watu wa Ngara na Biharamulo na Waislamu na binadamu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa.